Ukiulizwa "Habari?" na Habari Si Nzuri: Mwongozo Kamili wa Kujibu Kweli

Kila ninapoongea na watu juu ya jambo hili, kisa ni kilekile. Mtu amechoka kujibu "nzuri" huku moyoni kunawaka moto. Anaapa: kuanzia kesho, kweli tupu. Kesho inafika, anaulizwa "habari?", anajibu kama alivyoapa. Aliyemuuliza anaduwaa, anatafuta neno halipati, anaaga haraka haraka. Kesho kutwa yake jamaa karudi kwenye "nzuri" na hataki tena kusikia mambo ya kweli.

Waliokwama ni wa makundi mawili. Wapo wanaomwaga yote, kuanzia madeni hadi maumivu ya mgongo. Na wapo wanaotoa neno moja, "mbaya", kisha wananyamaza kama waliofunga duka. Makosa hayo yanaonekana tofauti lakini ni ndugu: wote wamemkabidhi mwenzao kisu kwa upande wa makali.

Kweli yenyewe haimsumbui mtu sana. Kinachomsumbua ni kutojua aifanyie nini. Akae? Aseme pole aende zake? Atoe msaada? Anahisi anaombwa kitu, ila hajui ni kitu gani, na mguu mmoja uko njiani tayari. Mwongozo huu wote unahusu jambo moja tu: namna ya kumpa mwenzako mpini.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

Hakuna cha kununua, ila ukitoka bila haya utakwama.

Jibu lako mwenyewe. Kabla hujatoka mlangoni, jiulize hali yako na ujijibu. Wengi hubabaika wakiulizwa kwa sababu ndiyo mara ya kwanza siku hiyo wanalifikiria swali hilo.

Kweli moja kwa vipimo vitatu. Neno moja au mawili kwa anayepita, sentensi moja kwa aliyesimama, sentensi tatu au nne kwa aliyekaa. Habari ni ileile, imekatwa tofauti.

Sentensi ya kufungia. Hii ni ya kujiokoa maneno yakizidi. Yangu ni "basi, nisikucheleweshe."

Mtu wa kuanzia. Chagua mtu mnayeonana mara kwa mara, mnayeheshimiana, asiye na mamlaka juu yako. Usianze na mkuu wako wa kazi. Wala mkwe.

## Hatua ya 1: Soma miguu kabla ya kufungua mdomo

Asubuhi moja kazini, mwenzangu mmoja alinikuta kwenye korido. Kwapani kabana bunda la karatasi, mkono mwingine uko kwenye kitasa cha mlango. "Habari za asubuhi?" Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kusema kweli, nikaanza: usiku sikulala, mtoto alikuwa na homa, tumezozana na mke wangu juu ya zamu ya kuamka. Kila nilipofika nukta, kitasa kilishuka kidogo. Nilipoanza sentensi nyingine, kilipanda. Karatasi zikaanza kuteleza. Akazibana kwa kiwiko. Nilikuja kunyamaza zilipomwagika sakafuni. Tukaziokota pamoja bila kutazamana.

Kosa halikuwa kweli niliyosema. Yule dada alikuwa na nafasi ya sentensi moja, nami nikampa ishirini.

Basi soma miguu:

- Anatembea na hajapunguza mwendo. Hilo si swali. Ni kupunga mkono kwa kutumia mdomo. Jibu "salama", pita.
- Amesimama, ila mwili umeelekea aendako. Una sentensi moja.
- Amekugeukia kwa miguu yote miwili, au ameketi. Hapo zitoe zile tatu au nne.

Huwa nabishana na watu wanaosema kila "salama" isiyo ya kweli ni uongo. Uongo unahitaji mtu wa kudanganyika. Anayepita mbio akasema "habari?" hakuomba taarifa ya afya yako, na hata wewe ukimjibu "salama" hajaondoka akiamini umeshinda vizuri. Ameamini kwamba mmeonana na hamna ugomvi. Hilo ni kweli. Usipoteze nguvu zako za kweli kwa watu wa mwendo huo.

Onyo: ujumbe wa simu hauna miguu. Mtu akikuandikia "mambo?" mchukulie kama anayepita, mpaka aulize mara ya pili. Swali la pili ndiyo miguu kugeuka.

## Hatua ya 2: Chagua kweli moja

Siku mbaya huwa na mambo saba. Chukua moja. Liwe la kutajika kwa pumzi moja, liwe mahususi, na liwe jambo ambalo likisikiwa na mtu wa tatu hutaona aibu, maana litasikiwa.

"Nimechoka na maisha" inamtisha mtu na haimwambii chochote. "Sijalala vizuri siku tatu" inamwambia kitu anachokijua. Naye aliwahi kukosa usingizi.

Onyo kubwa: angalia hiyo kweli ni ya nani. Ugonjwa wa mama yako ni habari ya mama yako. Ugomvi wa nyumbani una wenyewe wawili. Kule kwenye korido nilitoa habari za mke wangu bila ruhusa yake, na hilo liliniuma kuliko zile karatasi. Ukitaka kutaja jambo lenye mwenzio ndani yake, taja upande wako tu: "nyumbani hatukulala" inatosha.

## Hatua ya 3: Jibu salamu kwanza, halafu weka "ila"

Hapa ndipo waliotoa neno moja wanapoanguka, na inashangaza, kwa sababu Kiswahili kimetuandalia njia kabla hatujazaliwa.

Wanaojifunza lugha yetu ukubwani hucheka wakisikia mtu akijibu: "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Wanauliza, imekuwaje nzuri tena? Hawaoni kwamba majibu hapo ni mawili. "Nzuri" inaijibu salamu: nimekusikia, nimekupokea. "Ila" inalijibu swali. Ukianza na "mbaya" umeruka la kwanza, na anayekuamkia anahisi kama mtu aliyepiga hodi akafungiwa mlango. Habari yako ni ileile. Umeikosesha kizingiti tu.

Tena lugha ina ngazi nzima ya kupandia, kutoka kweli ndogo hadi kweli wazi:

- "Nzuri tu." Ukiivuta kidogo na sauti ikashuka mwishoni, anayekujua atasikia. Asiyekujua atapita bila kujikwaa.
- "Tunaendelea", "tunasukuma", "hivyo hivyo". Umesema mambo ni mazito bila kutaja ni yapi.
- "Afadhali ya jana." Naipenda hii. Ndani yake kuna taarifa mbili: jana ilikuwa mbaya, na leo bado sijafika kwenye "nzuri".
- "Sijambo kidogo." Ya mtu aliyeumwa na sasa anapata nafuu. Usiitumie kama hukuumwa, utaulizwa ulilazwa wapi.
- "Salama, ila sijalala siku tatu." Kweli wazi, ya pumzi moja.

Ngazi hizi si urembo. Gail Jefferson, Mmarekani aliyechambua mazungumzo ya kawaida yaliyorekodiwa, alionyesha katika makala ya mwaka 1980 kwamba hata wasemaji wa Kiingereza hufanya hivyo: mwenye shida hulishusha jibu lake la salamu nusu daraja, na jibu hilo lililoshushwa linamwashiria msikilizaji kwamba kuna jambo. Msikilizaji ana hiari ya kulifuata au kuliacha. Hiyo hiari ndiyo inayoondoa ukakasi. Umeweka kitu mezani, hukumwekea mkononi.

Utajua umefaulu mtu akirudia neno lako kama swali: "Siku tatu?" Hapo amekichukua mwenyewe. Endelea.

## Hatua ya 4: Weka mpini

Ukikumbuka hatua moja tu katika hizi, iwe hii.

Baada ya kweli yako, ongeza maneno machache yanayomwambia mwenzako afanye nini. Usimwachie akisie. Mipini iko ya aina nne, na kila mmoja una kazi yake.

Wa kumwachia huru: "Nimekwambia tu ujue, nitakuwa sawa." Huu unafaa mara nyingi kuliko yote. Hautaki lolote, na ndiyo sababu watu huupokea vizuri.

Wa kuomba jambo dogo: "Kwa hiyo leo ukiniona kimya, sina neno na wewe." Kazini huu ni dawa. Watu wengi hununa kwa kudhani ukimya wako unawahusu wao.

Wa kuomba muda: "Ukipata nafasi jioni, ningependa tuongee." Unasogeza mazungumzo kutoka kwenye ngazi kwenda mahali penye viti.

Wa kufunga: "Ila tusiliongelee sasa." Watu huuona mkali. Kwa kweli ni wa heshima, kwa sababu unamwokoa mwenzako asiulize swali litakalokutoa machozi mbele za watu.

Sasa tazama tofauti.

Bila mpini:
— Habari za leo?
— Nzuri, ila baba amelazwa.
— Oo… pole… jamani… (anatazama chini, anatazama saa, anajichukia kwa kutazama saa)

Na mpini:
— Habari za leo?
— Nzuri, ila baba amelazwa. Anaendelea vizuri, natoka mapema tu leo kumwona.
— Pole sana. Basi mfikishie salamu zetu.

Habari ni ileile, na nzito kwelikweli. Kilichobadilika ni kwamba wa pili amepewa la kufanya, akalifanya, akaondoka akijiona mtu mwema. Hilo la mwisho usilidharau. Mtu aliyeondoka kwako akijiona mwema atakuuliza tena kesho.

Onyo: mpini uwe wa kweli pia. Ukisema "nitakuwa sawa" huku unatarajia mtu ang'amue kwamba hutakuwa sawa, umemtega. Na atanasa, na utamlaumu.

## Hatua ya 5: Ivumilie ile sekunde

Umesema. Sasa hakuna anayeongea. Hapa ndipo kazi nzuri ya hatua nne huharibiwa kwa neno moja.

Ujue kwanza kimya hicho ni kifupi kiasi gani. Utafiti uliolinganisha lugha 10 na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu, kwa wastani, hupita takriban milisekunde 200 tu, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Lugha hutofautiana kidogo, ila kote mwendo ni huo wa kasi. Kwa hiyo mwenzako akichukua sekunde nzima, masikio yako yanahesabu mara tano ya kawaida. Unaona maafa. Yeye anatafuta neno zuri tu.

Hesabu moyoni: moja, mbili. Macho yako usiyakimbize.

Usicheke. Usiongeze maelezo. Na zaidi ya yote, usiseme "aa, natania, niko poa." Hiyo "natania" huua mara mbili: leo umemwonyesha kwamba kweli yako ilikuwa kosa, na siku nyingine ukiwa na shida hasa hatajua aamini lipi.

Utajua umefaulu likitoka "pole", au swali, au hata "dah". "Dah" ni jibu kamili. Lipokee.

## Hatua ya 6: Pokea pole, rudisha salamu

Fupi hii. Ukiambiwa "pole", sema "asante, nimeshapoa", kisha "na wewe je?" Usibishane na pole kwa kusema "si kitu bwana". Ulisema ni kitu nusu dakika iliyopita.

Swali la kurudisha liulize kweli, miguu ikiwa imemgeukia.

## Hatua ya 7: Ukiwa wewe ndiye uliyeuliza

Atakayeanza kusema kweli ataanza pia kuisikia. Sheria hapa ni chache, na wengi tunazivunja zote kwa siku moja.

Sema "pole" halafu nyamaza. Usilete kisa chako kikubwa zaidi. "Afadhali wewe, mimi…" ni kumpora mtu msiba wake. Usitoe dawa kabla hujaombwa. Usimwambie wako wengi wenye hali mbaya kuliko yake, hata kama wako.

Kama hakukupa mpini, uombe: "Unataka tuongee, au nikuache kidogo?" Swali hilo nimelitumia mara nyingi na halijawahi kunitupa. Akisema "niache", mwache, na usimwonyeshe kwamba umeumia.

## Maswali matatu yanayokwamisha kuliko salamu

"Unanikumbuka?" Mtu kakushika mkono, anatabasamu, anasubiri. Huna hata herufi ya kwanza. Kweli hapa ina bei inayopanda kila dakika. Ndani ya sekunde kumi za mwanzo ni bure: "Sura naijua, jina limenitoka, nikumbushe." Kama hata sura huijui: "Nisamehe, nimepotea kabisa. Tulionana wapi?" Baada ya dakika tano za "ee, za siku nyingi, na wale wengine hawajambo?" kukiri ni kutangaza kwamba ulikuwa ukiigiza. Na tena mjinga hatakuwa yeye, maana ni wewe utakayeombwa kumtambulisha kwa mtu wa tatu.

"Umeonaje?" Awe ameuliza juu ya nguo, nywele au kazi aliyoandika, jiulize kwanza: bado kuna nafasi ya kubadilisha? Aliye mbele ya kabati anataka ushauri, mpe. Aliye mlangoni, viatu mguuni, gari linamsubiri, anataka kusindikizwa. Huyo mtafutie kitu kimoja kizuri ambacho ni kweli, na ukitaje kwa jina: "hiyo rangi ya juu imekukaa." Kipo daima. "Umependeza" ya jumla hugunduliwa, kwa sababu humtoka kila mtu kwa sauti ileile. Kwa kazi iliyoandikwa, uliza kabla ya kusoma: "nitafute makosa, au nikuambie tu inavyosomeka?"

"Tutafutane basi!" Huu ndio uongo tunaousema kwa wingi na kwa furaha. Jipe sharti: usiliseme neno hilo bila kutaja siku. Kama siku haitajiki, sema "nimefurahi kukuona", uishie hapo. Mwanzoni utajiona mkavu. Utazoea.

## Mambo yakiharibika

*Umemwaga kupita kiasi.* Ikatize sentensi katikati, usiimalize: "Naona nimekumwagia mengi. Basi, nisikucheleweshe." Kesho yake msalimie kawaida, bila kuomba radhi upya. Radhi ya pili humlazimisha akubembeleze.

*Umepewa mahubiri.* "Asante, nitalifikiria." Kisha mshushe mtu huyo ngazi moja, kuanzia hapo anapata "tunaendelea".

*Maneno yako yamefika kwa wengine.* Ulichagua kweli usiyoionea aibu, kwa hiyo hasara ni ndogo. Ila umeshamjua mtu.

*Machozi yametoka.* Yaache. Sema "nipe dakika moja." Dakika moja ni mpini.

*Jambo ni zito kuliko salamu.* Ukiwa umefika mahali pa kufikiria kujidhuru, weka mwongozo huu kando. Usipande ngazi, usipime miguu ya mtu. Mwambie aliye karibu nawe au mhudumu wa afya waziwazi, leo.

## Ratiba ya kuanzia

Jipe siku tatu, mtu mmoja kwa siku, kweli moja kwa mtu. Idadi hiyo sikuiokota. Watafiti wa Marekani Emma Levine na Taya Cohen walichapisha mwaka 2018 majaribio ambayo katika mojawapo watu walitakiwa kusema kweli katika kila mazungumzo kwa siku tatu. Wale waliokisia tu watajisikiaje walitabiri siku chungu. Waliofanya walizifurahia zaidi, na walijiona karibu na wenzao kuliko ilivyokisiwa. Wewe sikutaki useme kweli kwa kila mtu. Nakutaka umwambie mmoja.

Siku ya kwanza tumia "afadhali ya jana". Ya pili, "ila" na mpini wa kumwachia huru. Ya tatu, mpini wa kuomba jambo dogo. Usiku andika mstari mmoja: ulisema nini, naye alisema nini. Andika maneno yake, usiandike ulivyomdhania.

Yule dada wa karatasi tulirudi kusalimiana baada ya wiki mbili hivi, kwenye korido ileile. Safari hii mimi ndiye niliyeuliza. "Nzuri," akasema, "ila nimeamka vibaya na mwanangu. Usiniulize sasa, mchana nitakuambia." Nikamfungulia mlango akapita.

Mchana hakuniambia, nami sikumuuliza.